Kibali cha Kujenga: Historia ya Neno na Sheria katika Dodoma na Uwanda wa Kati

1.0 Utangulizi



Mada niliyoichagua huenda ikaonekana kuwa ni ya wahandisi na maofisa wa ardhi kuliko wanaisimu. Nakusudia kuzungumzia kibali cha ujenzi: ni lini mtu anayejenga nyumba, anayeiongeza au anayeikarabati hudaiwa kibali, na dai hilo lilikujaje katika Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania. Nimeichagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili ni haki kuuliza maneno yetu yanafanya kazi gani nje ya darasa na nje ya diwani. Pili, kuna watu waliobomolewa nyumba kwa kutolielewa neno moja, na kuna wengine waliofukiwa na majengo kwa sababu neno hilohilo lilipuuzwa. Neno lenye uzito huo linastahili kuchunguzwa.

Hoja yangu kuu ni hii. Katika tawala zote zilizopita juu ya uwanda wa kati, jibu la swali "ni lini kibali kinahitajika?" liliwekwa na mambo mawili: mahali nyumba iliposimama na aina ya nyumba yenyewe. Jibu hilo liliandikwa kwa lugha ambayo wajenzi wengi hawakuisoma. Kwa kuwa sheria haikumsemesha mwananchi kwa lugha yake, mwananchi alijaza pengo kwa neno alilokuwa nalo, yaani kibali, pamoja na maana zake za kale za kupendelewa na kukubaliwa. Hivyo, jambo ambalo sheria inalihesabu kuwa ni sharti la usalama na mpango, watu wengi wamelipokea kama hisani ya mkubwa.

2.0 Neno kibali na jamaa zake

Tuanze na neno. Kibali lina mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti q-b-l, ambao umetupatia maneno mengi katika Kiswahili. Kutokana nao tunapata kitenzi kubali, nomino makubaliano, kabila, kibla anachokielekea Mwislamu katika sala, na kielezi kabla. Wazo la msingi katika jamaa hii ni kuelekeana: kuwa mbele ya kitu, kukikabili, kukipokea. Silabi ya kwanza ya kibali imechukuliwa na wazungumzaji kuwa kiambishi cha ngeli ya ki-/vi-, kama ilivyotokea kwa kitabu na vitabu; ndiyo maana leo tunasema vibali bila kusita.

Katika matumizi ya kila siku, mtu mwenye kibali ni mtu anayependwa na kukubalika. Katika lugha ya dini, kupata kibali mbele za Mungu ni kupata radhi yake. Kibali cha namna hii hakidaiwi kwa haki wala hakina fomu; anayekitoa anaweza kukinyima bila kueleza sababu. Neno hilohilo lilipoingia ofisini na kuwa karatasi yenye muhuri, maana ya kwanza haikufutika.

Jirani yake ni ruhusa, nalo la asili ya Kiarabu. Katika elimu ya sheria ya Kiislamu neno hilo lina maana ya tahafifu, yaani kulegezewa hukumu kwa ajili ya udhuru, kama msafiri anavyolegezewa saumu. Leseni tumelipata kutoka Kiingereza, nalo limebaki zaidi upande wa biashara na udereva. Hati, la asili ya Kiarabu pia, hutaja maandishi yenyewe. Kwa hiyo Mswahili anayekwenda kujenga anakutana na maneno manne: hati ya kiwanja, ruhusa ya jirani au ya mwenyekiti wa mtaa, leseni ya mkandarasi na kibali cha halmashauri. Katika mazungumzo maneno haya huchanganywa, lakini mbele ya sheria hakuna hata moja linaloweza kukaa mahali pa jingine.

3.0 Tembe, hongo na kodi ya nyumba

Nyumba ya asili ya Ugogo, na ya sehemu kubwa ya uwanda wa kati, ni tembe. Ni nyumba ya pembe nne, ndefu na ya kimo cha chini, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa la boriti, fito na udongo ulioshindiliwa. Vyumba vyake hupangwa kuuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Kiswahili cha misafara kililibeba neno hili. Hata nyumba za wafanyabiashara Waarabu huko Tabora ziliitwa tembe, na ile ya Kwihara ilikuwa makazi ya Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mwanafunzi atakumbuka kwamba tembe ni pia kuku jike ambaye hajaanza kutaga, na ni kidonge cha dawa. Ni maneno matatu yaliyokutana kwa sauti tu.

Tembe iliifaa nchi. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni haba na hunyesha takribani kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo mkali. Paa bapa huhimili upepo, na nafaka huanikwa juu yake. Hata hivyo, haifai kuisifu tembe kupita kiasi. Nyufa za kuta na sakafu za udongo ni maficho ya papasi, na homa ya papasi imekuwa ugonjwa unaofahamika vizuri katika Dodoma. Wale waliotaka tembe ziondoke hawakuwa wakizua sababu ya afya. Tatizo lilikuwa ni nani aliyeamua, na alilisemaje.

Katika karne ya 19, mamlaka juu ya nchi katika Ugogo yalikuwa kwa mtemi, aliyehusishwa na mvua na rutuba ya ardhi. Mgeni aliyepita na msafara alidaiwa hongo, yaani ada iliyolipwa hadharani, kwa kawaida kwa vitambaa na bidhaa nyingine, ili apite na anywe maji. Wasafiri wa Kizungu, Burton akiwa mmojawapo, walilalamika sana kuhusu hongo za Ugogo. Tazama basi safari ya neno. Hongo, lililokuwa jina la malipo ya wazi kwa mamlaka inayojulikana, leo ni jina la malipo ya siri kwa ofisa asiyestahili kuyapokea. Kibali, lililokuwa jina la radhi isiyolipiwa, leo ni jina la karatasi inayolipiwa ada halali. Maneno haya mawili yamepishana njiani, na katika fikra za watu wengi bado yanakutana kwenye mlango wa ofisi moja.

Serikali ya kikoloni ilipoitazama nyumba ya uwanda wa kati kwa mara ya kwanza, haikuitazama ili itoe kibali. Iliihesabu ili itoze. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1897 iliweka kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, na baadaye Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Hapo tafsiri ililazimika kuanza. Katika Cigogo, kaya ni makazi mazima ya mwenye mji, na ndani yake kila mke ana nyumba yake, pamoja na watoto wake. Je, tembe moja yenye wake watatu ni nyumba moja au tatu? Swali hilo halikuwa la kamusi tu, kwa kuwa lilimfikia mtu mfukoni. Neno kaya, kwa upande wake, limeingia katika Kiswahili sanifu na leo ndilo kipimo cha sensa.

4.0 Mji wa kikoloni na nyumba ya kudumu

Kibali cha ujenzi kiliingia nchini kupitia pwani. Dar es Salaam ilipata kanuni za ujenzi za Wajerumani mwaka 1891. Dodoma ilikua kuwa mji baada ya reli ya kati kufika mwaka 1910, ikielekea Kigoma ilikofika mwaka 1914. Mji huo ulipangwa kuzunguka stesheni, boma la serikali na maduka.

Waingereza walipotawala Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, walitunga kanuni za ujenzi mijini chini ya Sheria ya Miji, ile iliyokuja kuwa Sura ya 101. Kwa kuwa nchi ilikuwa ya udhamini, kanuni zilikwepa kuwatenganisha watu waziwazi kwa rangi. Badala yake zilitenganisha nyumba. Maeneo ya mji yaligawanywa kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa humo: majengo ya namna ya Kizungu, majengo ya biashara, na majengo ya namna ya wenyeji. Matokeo yake hayakutofautiana sana na ubaguzi wa rangi, lakini sheria ilisema kwa lugha ya saruji na bati. Watu waliielewa maana iliyofichwa wakaipa majina yao wenyewe: Uzunguni, Uhindini, Madukani, Majengo. Jina Majengo, linalopatikana Dodoma na katika miji mingi ya Afrika Mashariki, linatufundisha jambo. Kwa umbo ni wingi wa jengo tu. Kwa matumizi limekuwa jina la mtaa wa Waafrika.

Ni katika kipindi hiki ndipo mgawanyo wa nyumba ya kudumu na nyumba ya muda ulipopata nguvu ya kisheria. Nyumba ya kudumu ilidai michoro, vifaa vilivyokubaliwa na idhini ya maandishi. Nyumba ya muda ilivumiliwa mahali fulani, kwa masharti fulani, na mwenyewe hakupewa uhakika wa ardhi chini yake. Lakini neno kudumu katika Kiswahili linahusu muda na si vifaa. Tembe iliyokaliwa na kizazi kizima ilikuwa imedumu. Machoni pa sheria ilikuwa ya muda. Kibanda cha bati kilichosimamishwa mwaka jana kingeweza kuhesabiwa karibu zaidi na kudumu kuliko tembe hiyo. Sheria ilikuwa imelipa neno maana yake ya pekee bila kumwarifu msemaji wa neno hilo.

Mwaka 1956 ikatungwa sheria mpya ya mipango ya miji na vijiji, iliyofuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1947. Kutoka huko tulipokea wazo kwamba kinachohitaji idhini si nyumba tu bali ni "uendelezaji" wa ardhi: kazi yoyote ya ujenzi, au badiliko la maana katika matumizi ya ardhi au ya jengo. Katika sheria hiyo ya Uingereza, kazi za ndani ya jengo zisizobadili sura yake ya nje hazikuhesabiwa kuwa uendelezaji. Mizizi ya utofautishaji wa leo kati ya ukarabati unaohitaji kibali na usiohitaji iko hapo.

5.0 Vijiji na redio

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mkazo ulihamia vijijini. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamishia Wagogo wengi katika vijiji vya ujamaa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika kufuata malisho na mashamba zikapangwa kwa safu. Kwa familia nyingi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza serikali kuamua mlango wa nyumba utazame wapi. Wala hapakuwa na kibali: palikuwa na amri. Mjenzi hakuomba ajenge. Aliambiwa ajenge hapa, na asijenge pale.

Hata hivyo, kipindi hicho kina mfano mwingine unaostahili kukumbukwa. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wapatao milioni mbili nchini kupitia vikundi vya kusikiliza, vitabu vya Kiswahili chepesi na viongozi waliofunzwa. Ilieleza kwa nini choo kinahitajika, kichimbwe wapi na kifunikwe vipi. Vyoo vingi sana vilijengwa kutokana nayo. Hapo kanuni ya ujenzi, maana choo nacho ni jengo, ilimfikia mwananchi pamoja na sababu yake, kwa lugha yake, kabla ya kuanza kazi. Kanuni za mijini zilizotangulia hazikuwahi kufanyiwa hivyo. Sisemi kwamba redio ingetosha kupanga mji. Nasema kwamba uwanda wa kati haukukataa kanuni kwa sababu ni kanuni.

6.0 Makao makuu na ustawishaji

Mwaka huohuo wa 1973, TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu waliijua zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, CDA. Mpango mkuu wa mji uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto na kukamilika mwaka 1976. Ulifikiria mji wa majengo ya kimo cha chini, wenye njia za waendao kwa miguu na bustani.

Tuliangalie jina. Ustawishaji linatokana na stawi, neno la mimea. Kinachostawishwa hupandwa, hutiliwa maji na kupaliliwa. Katika lugha ya mipango, kupalilia ni kung'oa kisichotakiwa. Nyumba zilizojengwa bila kibali ndani ya eneo la makao makuu zilihesabiwa kuwa magugu, na baadhi zilivunjwa. Mtaa wa Chang'ombe ukawa mfano unaotajwa sana wa makazi yaliyokua nje ya mpango. Ndipo tunapopata msamiati mwingine wa ujenzi wa Kitanzania: kujenga kiholela, mvamizi, bomoabomoa, kuwekewa alama ya X. Inafaa kuchunguza kwamba msamiati wa adhabu ulienea kwa Kiswahili fasaha kabisa, wakati msamiati wa taratibu ulibaki katika Kiingereza cha majalada.

Ugumu mwingine ulikuwa wa mamlaka. Eneo la makao makuu lilikabidhiwa CDA kwa hati ya muda mrefu, nayo ikawapangisha wananchi viwanja kwa hati ndogo za miaka 33. Wakati huohuo Manispaa ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1980 na kuwa na majukumu yake. Mwananchi alikuwa na milango miwili ya kubisha, na malalamiko kuhusu hali hiyo yaliendelea kwa miaka mingi. Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA. Kazi zake zikahamia Manispaa, na ikaelekezwa kwamba hati za miaka 33 zibadilishwe ziwe za miaka 99. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Mji ulikuwa umekwisha kuanza kukua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179 katika Jiji. Makao ya wizara yamejengwa Mtumba. Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, Ntyuka na Nala ni majina ambayo kizazi kilichopita kiliyataja kama vijiji. Katika maeneo kama hayo mtu hakuhamia mjini; mpaka wa mji ndio uliohama na kumkuta. Nyumba aliyoianza kwa ruhusa ya wazee inaweza kumalizika chini ya sheria inayodai michoro na kibali, bila yeye kutoka uani kwake.

7.0 Kibali kinahitajika lini?

Sheria ya mwaka 1956 ilichukuliwa mahali pake na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Pamoja nayo zipo Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, na kanuni za udhibiti wa uendelezaji. Nikiwaachia wanasheria maelezo ya vifungu, kiini chake kwa mwananchi kinaweza kusemwa hivi.

Ndani ya eneo la mji, au eneo lililotangazwa kuwa la mpango, kibali cha maandishi kinatakiwa kabla ya kuanza kujenga jengo jipya. Kabla ya kuongeza chumba, ghorofa au banda la kudumu kwenye jengo lililopo. Kabla ya kubadili muundo wa jengo, kwa mfano kuondoa ukuta unaobeba paa. Kabla ya kubadili matumizi, kama kugeuza nyumba ya kuishi kuwa baa au zahanati. Na kabla ya kubomoa. Kupaka rangi, kuziba ufa wa lipu au kubadilisha kioo kilichovunjika ni matengenezo ya kawaida, nayo hayafanani na kazi hizo. Jengo la ghorofa linahitaji pia michoro ya mhandisi. Katika ardhi ya kijiji mamlaka ya kwanza ni halmashauri ya kijiji, lakini hali hiyo hubadilika pale eneo linapotangazwa kuwa la mpango.

Mambo mawili yaongezwe. Hati ya kumiliki haimpi mtu kibali cha kujenga, wala kibali cha kujenga hakimpi mtu umiliki. Vilevile, karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa haichukui nafasi ya mojawapo ya hizo mbili. Wengi wanaokumbwa na bomoabomoa hujitetea kwa kuonyesha karatasi. Karatasi wanayo kweli, lakini ni ya jambo jingine.

Hapa mwanaisimu ana la kusema kuhusu neno ukarabati. Kiswahili cha leo kinalitumia kwa kazi zote, kuanzia kupaka chokaa hadi kuvunja kuta na kupaua upya. Fundi anayesema "tunakarabati tu" hadanganyi, kwa kuwa lugha inamruhusu. Lakini sheria inahitaji kutenganisha. Tunayo maneno ya kutosha: matengenezo kwa kurudisha kilichoharibika, marekebisho kwa kubadili muundo, upanuzi kwa kuongeza. Mafundi nao wanayo lugha sahihi ya hatua za kazi: kuchimba msingi, kupandisha kozi, kufunga linta, kupaua. Jengo lililofika juu bila kuezekwa huliita boma. Kwa lugha hiyo ukaguzi ungeweza kuelezwa vizuri sana: mkaguzi aje kabla msingi haujafukiwa, maana boma likishasimama msingi hauonekani tena.

Haya si mambo ya karatasi tu. Uwanda wa kati umepitiwa na nyufa za Bonde la Ufa, na matetemeko husikika Dodoma. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Ilielezwa hadharani wakati ule kwamba kibali chake kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Anayeona kibali kuwa ni hisani ya ofisa ataona pia kwamba, akishakipata, mambo yamekwisha na ghorofa nyingine ni suala la maelewano. Anayekiona kuwa ni kipimo cha uzito ambao msingi unaweza kuubeba hawezi kufikiri hivyo.

8.0 Lugha ya sheria

Kwa nini basi maana ya pili haikuenea? Sehemu kubwa ya jibu iko katika sera ya lugha. Tangu miaka ya 1960 mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka 1968 ikatolewa Dar es Salaam orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili. Uwezo wa lugha haukuwa kikwazo. Lakini kwa miaka mingi sheria ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza.

Kwa utaratibu huo, mwananchi wa Dodoma alipata sheria ya ujenzi kwa mkono wa tatu. Ofisa aliisoma kwa Kiingereza, akaieleza kwa Kiswahili cha ofisini, na mzee aliyezungumza Cigogo nyumbani akaipokea kwa kadiri alivyoweza. Katika kila hatua kitu kilipungua, na mara nyingi kilichopungua ni sababu. Yaliyobaki ni "inaruhusiwa" na "hairuhusiwi". Sheria isiyo na sababu hufanana sana na matakwa ya anayeisema.

Mwaka 2021 Bunge, lililokaa hapo hapo Dodoma, lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki itakapohitaji. Ni badiliko kubwa. Hata hivyo, kutafsiri si kueleza. Tafsiri itakayoandika "uendelezaji wa ardhi" mahali ambapo mjenzi anaelewa "kujenga au kubadili matumizi" itakuwa ya Kiswahili kwa maneno na ya kigeni kwa maana. Ukisema "kiwanja hakijaendelezwa", mtaalamu ataelewa kwamba hakijajengwa. Mkulima aliyepanda mtama na uwele juu yake atashangaa.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba nyumba ya uwanda wa kati ilihesabiwa kwa ajili ya kodi kabla haijaulizwa kibali. Ilidaiwa kibali kwa kigezo cha vifaa na mahali, kisha ikapangwa kwa amri, kisha ikastawishwa, na sasa iko chini ya jiji. Katika safari hiyo swali la mwananchi lilibaki lilelile: nifanye nini kabla sijachimba msingi?

Kwa wanafunzi waliopo hapa, ipo kazi. Msamiati wa ujenzi wa Cigogo, Kirangi, Kisandawe na Kinyaturu unahitaji kukusanywa wakati wanaojua kujenga tembe wangali hai, kwa sababu istilahi nzuri za Kiswahili zimekuwa zikitoka katika lugha za nchi, kama kaya lilivyotoka. Msamiati wa mafundi nao haujaandikwa inavyopasa. Kwa wanataaluma wenzangu, inafaa tukae na wanasheria na maofisa mipango miji ili maneno matengenezo, marekebisho na upanuzi yapewe mipaka inayoeleweka, na orodha ya kazi zinazohitaji kibali, pamoja na sababu ya kila moja, ibandikwe katika ofisi ya kila mtaa kwa Kiswahili ambacho mwenye nyumba anaweza kumsomea fundi wake.

Neno lenyewe hatuna haja ya kulibadili. Kibali na kabla ni wa mzizi mmoja, na undugu huo unatosha kutuongoza. Kibali cha ujenzi ni makubaliano yanayofanywa kabla: kati ya mjenzi na jirani ambaye ukuta utamwangukia, kati yake na mpangaji atakayelala ndani, na kati yake na mji utakaohitaji kupitisha maji na barabara. Mwananchi akielezwa hivyo, atakuwa na haki ya kukidai kwa wakati na kuelezwa sababu pale anaponyimwa. Ofisa naye atakuwa na wajibu wa kukitoa bila kumfanya mtu ajione amehurumiwa.